Shabiki anadai pumzi kwa mchezaji, yake ameiacha wapi?

Dakika ya 75, Simba na Yanga. Kwenye kibanda umiza kimoja cha Mabatini, jijini Mwanza, mabenchi yamejaa hadi mlangoni. Kiungo anapokea mpira, anatazama mbele, anaona mbali, anarudisha nyuma. Kibanda kinalipuka. "Huyo hana pumzi! Mtoeni huyo!"

Anayepiga kelele kuliko wote ni baba wa miaka arobaini na kitu. Tumbo limelala juu ya mapaja, soda ya pili ipo mkononi. Mechi inaisha, anaaga, anaanza kupanda kwenda kwake, juu kule kwenye miamba. Ngazi zenyewe hazifiki sitini. Anasimama mara tatu. Mara ya tatu anatoa simu na kujifanya anaongea nayo.

Ni picha inayojirudia Mabatini, Igogo, Kitangiri na kote ambako nyumba za Mwanza zimeparamia mawe. Mchezaji anayezomewa ametoka kukimbia kilomita zaidi ya tisa. Anayemzomea amepanda bodaboda kutoka dukani hadi kibandani, umbali ambao baba yake alikuwa anautembea huku anapiga mluzi.

Lakini baba huyo asionewe. Akiulizwa kwa nini hafanyi mazoezi, jibu lake ni la kweli: muda hana. Anafungua duka saa 1 asubuhi, anafunga saa 3 usiku. Kuna ada, kuna kodi ya fremu, kuna mtoto anayeumwa na mwingine anayedai daftari. Mama watoto naye ndiyo kabisa. Anaamka saa 10 na nusu alfajiri, anawasha moto, anawaandaa watoto kwa shule, anakwenda kwenye biashara, jioni anarudi kuanza zamu ya pili. Huyo ukimwambia habari za mazoezi anaweza kukurushia mwiko.

Pamoja na yote hayo, baba yule alipata dakika 90 za mechi, na nusu saa nyingine ya kubishana kama ile ilikuwa penalti au la. Kwa hiyo muda upo, japo mdogo. Kinachokosekana ni timu. Mzazi mwenye shughuli nyingi anashindwa mazoezi kwa sababu ameachwa acheze peke yake, bila kocha, bila ratiba, bila mwenzake wa kumuuliza jana alikuwa wapi. Hakuna mchezaji duniani anayeweza kukaa kwenye fomu namna hiyo.

Mchakamchaka haukuhitaji moyo wa chuma

Kila aliyesoma shule ya msingi ya serikali nchini anakumbuka mchakamchaka. Asubuhi, jua halijakolea, wengine pekupeku, wengine na kandambili mkononi, mstari unazunguka shule, mmoja anaongoza wimbo na wengine wanaitikia. Hakuna mtoto aliyeamka akajiuliza kama leo ana ari. Ari ilikuwa kwenye mstari. Ukiingia mstarini miguu inakwenda yenyewe, na aliyechoka anasukumwa na sauti ya aliye nyuma yake.

Watoto wale ndio wazazi wa leo. Miili ni ileile, umri tu umeongezeka. Kilichopotea ni mstari.

Kanda ya Ziwa ndiyo isingepaswa hata kufundishwa jambo hili. Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya majembe inayochezwa hadi leo Bujora, pale Kisesa. Chanzo chake ni shambani: watu wanapanga mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Shamba ambalo mtu mmoja angelitazama na kukata tamaa, kundi linalimaliza huku likicheka. Nenda ufukweni, hali ni hiyohiyo. Wavuvi wanaovuta mtumbwi mchangani hawavuti kila mtu kwa wakati wake. Mmoja anatoa sauti, wote wanakaza pamoja.

Wazungu wamekuja kulipima hili kwa vifaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliwachukua wapiga makasia 12 wa chuo hicho wakawapima walivyovumilia maumivu baada ya kupiga makasia kila mtu peke yake, kisha baada ya kupiga kwa pamoja. Kazi ilikuwa ileile, nguvu ileile. Waliopiga pamoja walivumilia zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Mvuvi wa Igombe angeweza kuwaambia hayo bila mashine.

Presha haiangalii jezi

Kuna watakaosema haya ni mambo ya watu wenye nafasi zao, wa Capri Point na jimu zenye viyoyozi. Takwimu zinasema vingine. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takribani mtu mmoja kati ya kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Wenye kisukari walikuwa 9 kati ya 100. Waliozidi uzito walikuwa 26 kati ya 100.

Hesabu hiyo ipelekwe kwenye kibanda umiza chenye watu wazima mia. Ishirini na tano wana presha, wengi wao hawajui. Presha haiumi kama goti. Inakaa kimya miaka na miaka, halafu siku moja inampiga mtu kiharusi akiwa anahesabu mauzo. Hapo ndipo ndugu wanapoanza kupanda kilima cha Bugando, kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, na duka linafungwa, na ada inakosekana. Mzazi anayesema hana muda wa mazoezi anajikuta ana miezi mingi ya kulala kitandani. Analishwa na mtoto yuleyule aliyekuwa anamtafutia ada.

Ukweli mwingine usemwe. Si kila mzazi wa Mwanza amekaa. Mama anayepakua samaki Mwaloni, Kirumba, anabeba beseni na kupanda mlima, huyo ameshafanya mazoezi kuliko kiungo wa timu yoyote. Huyo anahitaji kupumzika na kulipwa vizuri. Wanaozungumziwa hapa ni dereva wa daladala ya Buhongwa, fundi cherehani, mwalimu, karani, mwenye duka la jumla, mlinzi, na kijana wa bodaboda anayeshinda juu ya pikipiki. Hao wanachoka kila siku bila mwili kufanya kazi. Jioni wanahisi wamekimbia marathoni, kumbe moyo haujapanda hata ngazi moja.

Dakika 150

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake, dakika 75, kama ni mazoezi makali. Juu ya hapo, siku mbili za kuimarisha misuli. Wastani maana yake ni hivi: ukiwa unafanya unaweza kuongea na mwenzako, ila ukijaribu kuimba pumzi inakatika.

Kwa lugha ya mpira, dakika 150 ni mechi moja iliyokwenda hadi dakika za nyongeza, zikafika 120, halafu nusu saa ya kusubiri penalti. Hakuna shabiki wa kweli asiyeuweza muda huo akiwa amekaa. Ukigawanywa mara tatu kwa wiki, ni dakika 50 kila mara. Ukigawanywa mara tano, ni nusu saa.

Na si lazima kukimbia. Kutembea kwa haraka kunatosha kuanzia. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita 3. Mtu anayetembea umbali kama huo kwenda na kurudi, kwa mwendo wa kuwahi kivuko, amepata zaidi ya dakika 50 zake za siku. Kwa misuli, hakuna haja ya vyuma vya bei mbaya. Kuchuchumaa na kusimama, pushapu za ukutani kwa wanaoanza, kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, na zile ngazi za Mabatini zenyewe. Jiji la Miamba limejaa jimu za bure, ila watu wanazitukana kila wakipanda.

Bonanza si mazoezi

Hapa ndipo penye ugomvi. Tanzania haijalala kabisa. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya watu kufanya mazoezi. Zanzibar, kila Januari Mosi vikundi vinamiminika barabarani kuanza mwaka kwa jasho. Mwanza yenyewe ina Rock City Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2009, ambazo mbali na wakimbiaji wa ushindani huwaita pia watu wa kawaida kwenye umbali mfupi. Klabu za jogingi nazo zipo, na alfajiri za mwisho wa wiki zinasikika kabla hazijaonekana.

Ni mambo mazuri. Tatizo ni kwamba watu wengi wameishia hapo. Timu inayofanya mazoezi Jumamosi moja kwa mwezi inajulikana mwisho wake. Inashuka daraja mzunguko wa kwanza haujaisha. Shabiki wa Pamba anajua kushuka kunavyouma: timu ilitoka Ligi Kuu mwaka 2001, ikarudi mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji, miaka 23 baadaye. Mwili nao unashuka haraka na unapanda polepole.

Kuna klabu zimebaki kwenye tisheti. Sare zimeshonwa, picha zimepigwa, kundi la WhatsApp lina watu mia mbili, wanaotokea uwanjani ni kumi na wawili. Na kuna mabonanza ambayo kilomita 5 za asubuhi zinafuatwa na nyama choma na kreti za bia hadi jioni. Kula na kunywa ni hiari ya mtu, lakini asiende nyumbani akamwambia mkewe alikuwa mazoezini. Alikuwa kwenye sherehe iliyotanguliwa na mbio.

Mabaya zaidi ni mechi za maveterani. Mwili wa miaka 45 umekaa miezi sita bila kukimbia hata kuwahi daladala. Jumapili moja unavalishwa jezi, unapewa namba 10, unaambiwa nenda. Dakika ya nane mshipa wa kisigino umekatika, au goti limezunguka, au mtu anashika kifua. Wachezaji wa kulipwa wanapasha misuli kwanza, na FIFA ina programu nzima ya dakika 20 ya kupasha, FIFA 11+, iliyothibitika kupunguza majeraha. Veterani anapasha misuli kwa kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo anayeanza aanze kama anayerudi kutoka majeruhi. Apime presha na sukari kwanza, maana vituo vya afya vipo na kipimo hicho hakichukui muda. Wiki za mwanzo atembee, kisha achanganye kutembea na kukimbia. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kupita kiasi ni kadi nyekundu. Mtu anatoka uwanjani na kwenda kwa daktari, haendelei ili asichekwe. Na wale wanaomalizia jogingi ufukweni kwa kujitosa ziwani wakumbuke kwamba maji ya kando ya Ziwa Victoria yana kichocho. Kuoga ni nyumbani.

Kina mama ndio wachezaji muhimu

Mazungumzo ya mazoezi huwa yanajaa wanaume. Lakini kwenye familia nyingi mwenye kazi nyingi zaidi na nafasi ndogo zaidi ni mama. Vikwazo vyake ni vya peke yake. Saa 11 alfajiri ni giza, na mwanamke mmoja anayekimbia gizani yuko hatarini. Akivaa suruali, mtaa una maneno. Akichelewa kurudi dakika kumi, mume ana maswali. Akienda jimu, kuna anayeuliza anamtafuta nani.

Kundi linajibu karibu yote hayo kwa mpigo. Mwanamke mmoja barabarani ni habari, wanawake thelathini barabarani ni klabu. Mtaa unachoka kusema baada ya wiki mbili. Anayependa suruali avae, anayependa dera juu ya suruali avae, anayefunga mtandio aufunge vizuri. Kinachotoa jasho ni miguu.

Mashabiki wa kandanda wana sababu ya ziada ya kufurahi, kwa kuwa mchezo wao umeshapimwa na umeonekana kuwa dawa nzuri kwa kina mama. Visiwa vya Faroe, kule kaskazini mwa Ulaya, watafiti akiwamo Profesa Peter Krustrup wa Denmark waliwakusanya wanawake wa miaka 35 hadi 50 wenye presha iliyopanda kiasi, ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Wakachezeshwa kandanda la timu ndogondogo, saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15. Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulionyesha namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa wastani wa pointi 12. Hawakuwa na kipaji, na wala hawakuambiwa wakimbie peke yao na saa mkononi. Walipewa mpira na wenzao.

Karibu zaidi na nyumbani, Limpopo, Afrika Kusini, kuna timu ya mabibi inayoitwa Vakhegula Vakhegula, iliyoanzishwa na Beka Ntsanwisi. Wamo wajukuu-wanao-wajukuu, wengine wenye presha na miguu mibovu, wanaopiga danadana na kukabana. Mwaka 2010 walikwenda hadi Massachusetts, Marekani, kucheza mashindano ya maveterani. Kama bibi wa Limpopo ameweza kuvaa viatu vya njumu, mama wa miaka 38 wa Nyakato atasema nini?

Atasema watoto ataacha na nani. Ni swali halali, na jibu lake lazima litoke kwa baba. Timu yoyote ina wachezaji wa akiba. Jumanne na Jumamosi baba abaki, apike chai, afunge vifungo vya sare za shule, mama akimbie. Siku nyingine zamu ibadilike. Baba anayeweza kukariri kikosi cha akiba cha Simba au Yanga hawezi kushindwa kujua kiatu cha mtoto wake kiko wapi. Jumapili waende wote pamoja na watoto. Mtoto wa kuanzia miaka mitano anahitaji saa nzima ya kuchangamsha mwili kila siku, na mwalimu wake wa kwanza ni mzazi anayemwona akitoka jasho.

Tawi tayari ni timu

Pendekezo sasa ni rahisi, na halihitaji mfadhili. Mwanza imejaa matawi ya Simba na Yanga. Kila tawi lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kundi la WhatsApp, na watu wanaojuana kwa majina na kwa madeni. Kuna mashabiki wa Pamba Jiji na wa Toto Africans ambao wamevumilia mengi pamoja. Hao wote tayari ni timu. Wana kila kitu isipokuwa mazoezi.

Tawi lianze na siku tatu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 11 na nusu alfajiri, dakika 50. Dakika kumi za kupasha misuli, nusu saa ya kutembea na kukimbia kwa makundi ya kasi, dakika kumi za misuli na kunyoosha viungo. Wa mwisho asiachwe. Kundi la mbele likifika kwenye kona lirudi kumchukua. Mahudhurio yaandikwe kama michango inavyoandikwa. Asiyeonekana Jumanne, jioni apigiwe simu. Simu hiyo ndiyo dawa yenyewe. Watu wa Mwanza wanajua kuulizana kwenye msiba; wajifunze kuulizana mtu angali mzima.

Mmoja wao asomee ukocha wa viungo hata kwa muda mfupi, au wamwombe mwalimu wa michezo wa shule ya jirani. Klabu ikikua, isajiliwe kupitia kwa ofisa michezo wa wilaya kama klabu nyingine za michezo, ili fedha na maneno yasije yakaiua.

Na jiji nalo lina nafasi yake. Mwanza ina uwanja wa Nyamagana wenye nyasi bandia katikati ya mji, ina Furahisha, ina viwanja vya shule karibu kila kata. Saa moja ya wazazi, alfajiri, mara chache kwa wiki, kwa utaratibu na bila kuharibu ratiba za timu, ingewaondoa mamia ya watu barabarani. Sasa hivi wengi wanakimbia bega kwa bega na daladala zinazowahi abiria na bodaboda zisizo na taa. Kundi linalokimbia barabarani linahitaji angalau vizibao vya kung'aa, mstari wa watu wawili wawili, na mtu mbele na nyuma mwenye tochi. Mazoezi ya kuongeza maisha yasije yakayakatisha.

Chakula nacho kisisahaulike, maana hakuna mbio zinazoishinda sahani. Ziwa linatoa sato na dagaa, bara inaleta michembe na mboga. Tatizo ni soda mbili kila mechi, chipsi usiku wa manane, na ugali wa kilima kwa mtu aliyeshinda kwenye kiti. Hakuna anayeambiwa aache ugali. Aambiwe tu kilima kipunguzwe, mboga ziongezwe.

Wapo watakaocheka. Alfajiri ya kwanza watatokea wanane, mmoja na viatu vya ofisini. Kona ya pili mwenyekiti atashika kiuno. Mama mmoja kutoka gengeni atawaambia "mwangaluka" huku akizuia kicheko. Waache wacheke. Wiki ya sita wataona mwenyekiti hashiki kiuno tena, na mama wa genge atauliza kama nafasi bado ipo.

Siku moja, derby itachezwa tena. Kibanda cha Mabatini kitajaa, kiungo atarudisha mpira nyuma, na baba yule atapiga kelele kama kawaida, kwa sababu hakuna zoezi linalotibu ushabiki. Mechi itaisha. Atapanda ngazi zake, mtoto wa mwisho mgongoni, na atafika juu huku bado anabishana kuhusu ile penalti. Huyo sasa atakuwa na haki ya kumwambia mchezaji hana pumzi.